Mke wa Serikali, Mwali wa Kanisa

Sehemu ya Saba

Kama ulikosa toleo la wiki iliyopita, usihangaike kulitafuta. Hukukosa neema. Kwa kifupi mambo yalikuwa hivi.

Mimi naitwa Restuta, binti wa Mzee Nikodemo wa Makole. Ninaishi Ubelgiji, kazi yangu ni kutunza wazee wa watu. Mchumba wangu Nathan naye yuko huko huko, ila mji mwingine, kila mtu na chumba chake na ufunguo wake. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua midomo yenu.

Tulitaka kitu kimoja tu: kufunga ndoa kanisani, nyumbani Dodoma, wazazi wa pande zote wamekaa mbele wanatuangalia. Basi. Wala sikuomba helikopta.

Padri wa kule Ubelgiji, mwenye mafaili yetu, akasema sheria ya kwao haimruhusu kugusa ndoa ambayo serikali haijaisajili. Serikali kwanza, altare baadaye. Padri Apolinari, paroko wetu wa hapa, akasema Tanzania padri mwenyewe anasajili ndoa, sasa huko serikalini tunakwenda kutafuta nini? Nikawa mtu wa kati, simu sikio hili, simu sikio lile. Mwishowe yule wa Ubelgiji akashinda, maana yeye ndiye aliyeyakalia mafaili. Tukakubaliana tujisajili kwanza kwa mkuu wa wilaya siku ya Jumatano, halafu Jumamosi tuje kanisani.

Nilidhani Jumatano ile ndiyo mwisho wa mateso yangu. Nilijidanganya.

Ofisini mambo yalikwenda vizuri. Tukasema maneno yetu, tukasaini, mashahidi wakasaini. Iliisha haraka kiasi kwamba shangazi yangu Sidonia, aliyekuwa bado anatafuta miwani kwenye pochi, aliinua kichwa akauliza, "Tayari? Hata vigelegele hakuna?"

Akavipigia nje, kwenye maegesho ya magari. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mama yake Nathan aliposikia vigelegele, akafungua mkoba, akatoa khanga mpya, akanifunika mabegani. Ananipenda yule mama, na machozi yalikuwa yanamtoka. Mimi nikafanya kama nilivyolelewa. Nikapiga goti kidogo, nikashika pindo kwa mikono miwili, nikasema, "Ahsante, mama."

Laiti ningeiweka mikono yangu mfukoni.

"Haya, mwali wetu," Shangazi akanishika mkono. "Gari ile pale. Turudi Makole ukajifungie ndani mpaka Jumamosi."

"Arudi wapi?" akauliza Mzee Seth, baba yake Nathan.

"Nyumbani."

"Nyumbani kwake ni kwetu, Chang'ombe."

Tukacheka. Yeye hakucheka.

Mzee Seth alihamia mjini zamani akitokea Chemba, lakini mambo ya ukoo wake hakuyaacha huko. Akatueleza taratibu, kama mtu anayewafundisha watoto wazito wa kuelewa.

"Kwenye ukoo wetu, mama mkwe akikuvika khanga na wewe ukaipokea, umepokelewa. Mlango wa kwanza kuingia ni wa mumeo. Ukienda kuingia wa baba yako, maana yake tumekurudisha. Sisi hatujamrudisha huyu."

"Mzee mwenzangu," baba yangu akasema, "hapa tumekuja kusaini tu. Harusi ni Jumamosi."

"Mmesaini nini? Mkopo?"

Mama Nathan akaweka mkono mdomoni. Kumbe khanga ile aliinunua kwa ajili ya Jumamosi, anivike mlangoni mwa kanisa tukitoka. Vigelegele vya Shangazi vikamchanganya, akasahau siku.

"Si aivue tu?" Shangazi akasema. "Ataivaa tena Jumamosi."

"Aivue? Mbele za watu?" Mama Nathan akaanza kulia upya. "Nimemkosea nini mimi?"

Nikamgeukia Nathan. "Sema kitu."

"Ngoja kwanza," akasema.

Yashikeni maneno hayo. Nathan ni mtu mzuri. Hanywi, hana makelele, na mwaka ule nilipougua huko ugenini alikuja na treni kila jioni kunipikia uji. Lakini mbele ya baba yake ulimi wake unabaki na maneno mawili hayo tu.

Baba akampigia paroko, akaweka spika ili wote tusikie.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele na milele, amina. Mmemaliza huko?"

Baba akaeleza. Padri Apolinari akasema, "Mzee Nikodemo, nisikilize vizuri. Cheti cha serikali ni halali na ninakiheshimu. Ila mbele ya kanisa hao bado ni wachumba. Binti akihamia kwa kijana kabla ya Jumamosi, mimi Jumamosi sifungishi ndoa. Tutaahirisha, watubu, waanze mafundisho upya."

"Padri, Jumanne tunasafiri!" nikapiga kelele kwenye simu.

"Basi lala kwenu, mwanangu."

Nikalala kwetu. Na khanga mabegani, maana kuivua ni kumtukana mama mkwe na kulala nayo kwa baba yangu ni kumkataa baba mkwe. Sikujua tena mwili wangu niuweke wapi.

Alhamisi asubuhi niko sebuleni, rola zimejaa kichwani, nikasikia hodi. Ni Mzee Seth na kaka zake wawili, na nyuma yao Nathan anatazama viatu vyake.

"Tumemfuata mke wetu," Mzee Seth akasema.

"Karibuni," Baba akajibu. "Mke wenu hayupo. Yupo binti yangu."

Wakakaa. Chai ikaja, ikapoa, hawakuigusa. Wakaanza kuzungumza wao kwa wao Kisandawe, lugha ile ya kugonga ulimi ambayo kwetu hakuna anayeijua hata salamu. Baba akatazama dari. Mimi nikamsogelea Nathan.

"Wanasemaje?"

"Ngoja kwanza."

"Si lugha yenu? Nitafsirie!"

"Ni mambo ya wazee, Restuta."

Mambo ya wazee, na anayezungumzwa ni mimi!

Mwishowe Mzee Seth akarudi kwenye Kiswahili, na nakiri alichokisema kilinishangaza.

"Tumelegeza kamba. Aje leo mchana, aingie mlango wetu, ale tonge moja la ugali, kisha arudi hapa. Ya jana hatutayahesabu. Akishaingia kwetu, hapa atakuwa amekuja kusalimia tu. Hatakuwa amerudishwa. Na huko kanisani hakuna atakayesema amehamia."

Msomaji, mimi nilikuwa nimeshavaa kandambili! Tonge moja! Ningeingia, ningekula, ningenawa, ningerudi kabla rola hazijakauka. Mtu mzima amekaa usiku kucha anatafuta njia, ameipata, amekuja nayo mwenyewe mpaka kwetu. Ungetegemea nini tena?

Ungetegemea baba yangu aseme ahsante. Hakusema.

"Binti yangu aingie nyumba ya mwanamume akiwa mwali? Mtaa mzima wa Chang'ombe unamwona anashuka kwenye bajaji, halafu Jumamosi avae shela nyeupe?"

"Baba, ni tonge moja tu," nikasema.

"Nyamaza. Wakubwa wanaongea."

"Nikodemo," Mzee Seth akasema, "tumekuja kwa heshima."

"Heshima gani ya kumwita mwanangu aliyerudishwa? Ameiba nini? Ameshindwa kupika? Kama kinachowasumbua ni hiki kitambaa, kitambaa chenu hiki hapa!"

Akainuka, akanivua khanga mabegani, akaikunja hovyohovyo, akamwekea Mzee Seth magotini.

Kaka mmoja wa Mzee Seth akashika kichwa. Mzee Seth akaikunja upya ile khanga, pindo kwa pindo, bila haraka.

"Sawa," akasema. "Umejibu."

Wakatoka. Nikamkimbilia Nathan mpaka getini, rola zinadondoka njiani.

"Amejibu nini?"

Hakutaka kunitazama. "Khanga ikirudishwa kwa mkono wa baba wa mke, kwetu hiyo ndiyo talaka. Hakuna kikao kingine."

"Kwa hiyo mimi nimeachika?"

"Kwa ukoo, ndiyo."

"Na kwako?"

Akaangalia gari. Wazee walikuwa wameshakaa ndani, mlango wazi, wanamngoja.

"Ngoja kwanza, Restuta."

Nilitamani kumrushia rola zote.

Nikarudi ndani kwa Baba. Nikamwambia alichokifanya. Uso ukambadilika, maana hakujua, na angejuaje? Lakini unamjua mwanamume aliyekosea mbele ya watoto wake.

"Nitamwomba radhi," akasema.

"Twende sasa hivi, Baba. Nitakusindikiza."

"Jumapili. Ndoa ikishafungwa."

"Ndoa gani, Baba? Wenyewe wanasema imekwisha!"

Akawasha redio.

Ijumaa nilizunguka mji huu kama kishada kilichokatika uzi. Nikaanza parokiani. Padri Apolinari alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, na sikumlaumu, hata mimi ningecheka kama yangekuwa ya mwenzangu.

"Mwanangu, khanga si sakramenti. Kanisa haliwezi kukuhesabu umeachika wakati halijakuhesabu umeolewa."

"Kwa hiyo kesho ipo?"

"Kesho ipo. Nathan aje na moyo wake wote, basi. Mimi naozesha watu wawili, siozeshi koo mbili."

Nikatoka hapo na nguvu mpya, nikapitia kwa mkuu wa wilaya. Nilikuwa na wazo. Kama usajili ule wa Jumatano ungeweza kufutwa, basi na ile khanga ingekuwa imevikwa bure, na tungeanza upya Jumamosi kama watu wasafi. Mama wa kaunta, mtu mpole, akanitazama juu ya miwani.

"Dada, umeolewa juzi tu."

"Najua."

"Mumeo amekupiga?"

"Hapana. Hata hatujaishi pamoja."

"Sasa unataka tufute nini? Hapa hatufuti ndoa kama ubao wa shule. Wewe kwetu ni mke wa mtu. Ukitaka kuachika, njia ni mahakamani."

"Sitaki kuachika, dada yangu. Nimeshaachika. Nataka nisiwe nimeachika."

Akanisogezea kiti, akaniuliza kama nimekula.

Basi hesabu yangu ilikuwa hiyo. Serikalini mke, kanisani mwali, ukweni mtalaka. Na sijakaa na mume hata siku moja! Nilikaa kwenye kiti kile nikalia kwa hasira, siyo kwa huzuni, na watu waliokuja kusajili mambo yao wakanipisha kwa heshima wakidhani nimefiwa.

Jioni Nathan akapiga simu. Alikuwa sokoni Majengo, nyuma yake nasikia watu wanagombea bei ya mchele.

"Nina habari njema," akasema. "Baba anakuja kesho kanisani."

Nikakaa kitandani. "Anakuja? Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Amenyoosha suti. Amesema atawahi, akae benchi la mbele kabisa."

"Na ile khanga?"

"Ngoja kwanza. Kesho si anakuja? Mengine yataisha."

Nikawaambia wa nyumbani. Mama yangu akapiga vigelegele, Shangazi akamfokea aache, vigelegele vimeshatuponza. Baba akazima redio, akasema alijua tu kwamba Mzee Seth ni muungwana. Usiku ule nilipata usingizi. Nataka mlijue hilo, kwamba nililala vizuri kabisa.

Jumamosi kanisa lilijaa. Nikaingia na Baba, kwaya inaimba, gauni limenikaa, shela haijavutwa na mtoto yeyote. Nathan amesimama mbele na suti ya bluu, ananitazama kwa macho yale yale ya kunipikia uji. Na benchi la mbele, kama alivyoahidi, yupo Mzee Seth. Amefunga koti vifungo vyote na joto lile. Mama Nathan yuko pembeni yake, ameinamisha kichwa. Nilipompungia kidole hakuniona, au alijifanya hakuniona.

Padri Apolinari ana kawaida moja. Matangazo ya ndoa yanakuwa yameshasomwa Jumapili zake zote, lakini siku yenyewe anauliza tena, huku tayari anafungua ukurasa unaofuata.

"Nauliza kwa mara ya mwisho. Yupo mwenye kujua kizuizi cha ndoa hii?"

"Nipo."

Mzee Seth alikuwa amesimama.

"Padri, huwezi kumfungisha kijana wangu ndoa na mwanamke aliyeachika."

Kanisa likaguna. Padri akakifunga kitabu, kidole katikati ya kurasa. "Aliachwa na nani, mzee?"

"Na huyu hapa kijana wangu."

Kwaya wakacheka. Mpiga kinanda akagusa kitufe bila kukusudia. Hata mimi nilikaribia kucheka, mpaka Mzee Seth alipofungua koti, akatoa ile khanga, imekunjwa pindo kwa pindo, akaishika juu watu wote waione. Walioijua maana yake wakanyamaza, na ukimya wao ukawanyamazisha wengine.

"Mzee mwenzangu, hapa ni kanisani!" Baba akasema.

"Ndiyo maana nimesema kweli."

Padri Apolinari akainua mkono. "Hicho si kizuizi cha kanisa. Mimi siulizi khanga, wala siulizi baba. Nathan."

"Naam, Padri."

"Baba yako anasema umemwacha binti huyu. Umemwacha?"

Hapana. Ni neno moja. Mtoto wa chekechea analiweza. Nililisubiri neno lile kuliko nilivyosubiri kitu chochote maishani mwangu, kuliko viza, kuliko cheti cha serikali, kuliko mafaili ya Ubelgiji.

Nathan akanitazama. Akamtazama baba yake. Nikaiona midomo ikifunguka, na nikayajua maneno kabla hayajatoka.

"Ngoja kwanza, Padri."

Pale pale uvumilivu ukaniishia. Nikamkabidhi msimamizi wangu maua. Nikaliinua gauni, nikashuka ngazi za altare, nikaenda mpaka benchi la mbele, nikapiga goti mbele ya Mzee Seth, nikanyoosha mikono yote miwili.

"Baba, nirudishie khanga yangu. Mama alinivika mimi, hakumvika baba yangu. Yeye hakuwa na haki ya kuirudisha."

Mama Nathan akainua kichwa. Macho yalikuwa mekundu. Nadhani Mzee Seth hakulitegemea hilo.

"Ukiipokea mara hii," akasema, "hakuna kurudi pale juu. Unatoka nayo mlango ule, unakwenda Chang'ombe sasa hivi, bila misa. Chagua."

"Restuta, rudi hapa," Padri akasema nyuma yangu.

"Restuta, usiiguse!" baba yangu akafoka.

Sikuirudisha mikono. Wala sikuisogeza mbele. Nilikuwa nimechoka kuchaguliwa, na sasa nilipoambiwa nichague, kila upande ulikuwa unanitaka nikate mwingine.

"Seth!"

Sauti ilitoka altareni. Haikuwa ya Padri.

Hakusema baba. Hakusema mzee. Nathan, yule asiyeweza kumjibu baba yake hata salamu bila kushusha macho, alimwita mzazi wake kwa jina tupu mbele ya kanisa zima, na bibi mmoja nyuma akapiga ishara ya msalaba kwa sauti. Nikasikia viatu vyake vinashuka ngazi, kimoja baada ya kingine, vinakuja tulipo.

Mzee Seth akaikunjia khanga ngumini, akapiga hatua moja mbele kumpokea mwanawe. Mimi nilikuwa bado nimepiga goti, katikati yao.